Saini Mbili za Pasi

"Usinitajie damu hapa! Damu gani hiyo inayompeleka mtoto wa dada yake kabatini akiwa mzima?"

"Dada, kabati gani tena? Mkataba ni mkataba. Asaini, mambo yaishe. Miaka mitano inapita hujui imepita lini."

"Ikipita hivyo kasaini wewe. Wewe ndiye uliyezoea kukaa bila kazi."

Mama Pasi alikuwa na hanga la waya mkononi, na kila alipofika mwisho wa sentensi hanga lilisogea karibu zaidi na pua ya kaka yake. Kaka mtu alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mashati ya wateja yaliyoning'inia kwenye bomba. Hakuwa na pa kwenda tena.

Inspekta, mwanamke mwenye jalada kwapani, alikuwa amebisha mlango wa duka la dobi mara mbili. Alipoona hakuna anayemsikia, aliingia na kulitua jalada lake juu ya kaunta kwa kishindo.

"Polisi, kitengo cha makosa ya kughushi. Mama, hanga chini. Wewe wa shati la mistari, kaa."

Walitii wote wawili. Mjomba alikaa juu ya fungu la mashuka machafu kwa sababu ndicho kiti kilichokuwa karibu.

Nyuma ya duka, msichana wa miaka ishirini na mbili aliendelea kupiga pasi sare za wahudumu wa hoteli kama vile ugomvi ule ulikuwa wa majirani. Alivaa koti la nailoni juu ya sweta mbili. Jasho lilimtiririka kidevuni. Kila baada ya dakika chache aliinama na kutema mate kwenye kopo. Huyo ndiye Pasi. Jina alilipata ulingoni, pale mtangazaji aliposema kwamba yule binti wa dobi hapigi watu, anawanyoosha.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kesho yake Pasi angegombea mkanda wa ubingwa, na Televisheni Upeo ndiyo ingeonyesha. Mkataba wao wa pambano hilo moja aliusaini mwezi wa tatu. Wiki iliyopita Upeo wakapeleka kwenye kamisheni ya ngumi mkataba mwingine, wenye tarehe ya mwezi wa pili, nembo na muhuri wa mahasimu wao Televisheni Mnara, na saini ya Pasi chini. Kanuni ilikuwa wazi: bondia aliyejifunga kwa vituo viwili anafungiwa miaka miwili. Katibu wa kamisheni angetangaza uamuzi leo saa tisa alasiri, kwenye kupima uzito. Halafu Upeo hao hao wakatuma ujumbe kwamba malalamiko wanaweza kuyafuta, mradi Pasi asaini nao miaka mitano.

Na kila aliyeshika glavu alijua maana ya miaka mitano ya Upeo. Walikuwa na mabondia saba waliowasaini ili tu Mnara wasiwapate. Saba hao waliruka kamba, wakapiga magunia, wakasubiri kupangiwa pambano. Mazoezini waliitwa watu wa kabatini.

"Saini ni yako?" Inspekta alimuuliza Pasi.

"Ya mwezi wa tatu ni yangu. Ya mwezi wa pili siijui hata kwa kuisikia."

"Umeandika maelezo polisi?"

"Mama ameandika."

"Mama yako hakughushiwa. Wewe ni mtu mzima. Bila maelezo yako, kwa mkono wako, kwamba saini ile si yako, mimi sina kesi. Nina karatasi tu."

Pasi aliigeuza sare upande wa pili. "Nikiandika, Upeo wanaondoa kamera. Wakiondoa kamera, watu wanasema hakuna pambano. Inspekta, nimepunguza kilo sita. Sijanywa maji tangu jana mchana. Jana nimeota mkate. Si wa siagi, mkate mkavu tu, nikaamka nalia."

"Kwa hiyo hutaki kuandika?"

"Sijasema sitaki. Nimesema nitafikiri nikishakunywa maji."

"Utakunywa baada ya mizani. Mizani ni saa tisa. Saa tisa unafungiwa."

"Ndiyo maana namwambia asaini!" mjomba alisema kutoka kwenye mashuka.

"Wewe nyamaza," wanawake watatu walisema kwa pamoja.

Inspekta alifungua jalada. Alitoa nakala ya mkataba wa Upeo na nakala ya ule wa Mnara, akaenda nazo kwenye kioo cha mlango jua lilipokuwa linapiga, akaweka saini juu ya saini. Alizisogeza kidogo kushoto, kidogo juu. Kisha akamwita Mama Pasi.

"Unaona nini?"

Mama Pasi alikunja macho. "Naona saini moja."

"Ziko mbili."

"Zimelaliana kabisa."

"Nipe kalamu na karatasi ya kufungia nguo." Inspekta alimpelekea Pasi. "Saini mara tatu."

Pasi aliweka pasi kando, akasaini. Tatu zile zilifanana kama ndugu wanavyofanana, moja na mkia mrefu, nyingine imebana, ya tatu imepanda juu. Hakuna mbili zilizokaa moja juu ya nyingine.

"Mtu hasaini mara mbili sawasawa," Inspekta alisema. "Saini hii imenyofolewa kwenye mkataba wa mwezi wa tatu na kubandikwa kwenye mkataba unaodai ni wa mwezi wa pili. Aliyefanya hivyo alikuwa na karatasi ya Upeo mkononi. Nani wana nakala?"

"Upeo wenyewe," Pasi alihesabu kwa vidole. "Kamisheni. Mimi, iko ndani ya mto wangu. Na msimamizi wangu."

"Msimamizi wako ni nani?"

Hanga lilinyanyuka tena kutoka sakafuni.

"Mimi," mjomba alisema kwa sauti ndogo.

"Umewahi kukanyaga Mnara?"

"Mimi? Kamwe! Hata chaneli yao siangalii. Ikitokea bahati mbaya, nageuza uso."

"Vizuri sana," Inspekta alisema. "Nyanyuka. Unanisindikiza."

*

Mnara ilikuwa jengo la ghorofa nne lenye lifti isiyofanya kazi na dishi kubwa juu ya paa. Mjomba alipanda ngazi za nje akiwa nyuma ya Inspekta, ameinamisha kichwa, mkono shavuni kama mtu anayeumwa jino.

Dada wa mapokezi aliinua uso, akang'aa.

"Mjomba! Karibu tena! Mbona umetupotea? Leo nayo kahawa ya vijiko vinne vya sukari?"

Inspekta aligeuka polepole. Mjomba aliuangalia ukuta kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

"Kitabu cha wageni," Inspekta alisema.

Alirudisha kurasa mpaka mwezi wa pili. Tarehe kumi na tisa, mwandiko wa mjomba, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kwenye safu ya *sababu ya ujio* alikuwa ameandika: *mambo makubwa*.

"Kaa hapa," Inspekta alimwambia. "Ukiondoka kiti hicho, nitakutangazia msako kwenye chaneli usiyoiangalia."

Mkurugenzi wa michezo wa Mnara alijulikana kwa watu wote kama Tai, kwa sababu ya tai zake. Ya leo ilikuwa na vichwa vya simba. Hakumpa mkono mgeni, alianza kujitetea kabla hajakaa.

"Inspekta, kama ningemsaini Pasi, ungesikia. Ningepanda juu ya paa hili nikatangaza kwa mdomo. Nimemtaka miaka miwili. Upeo wameninyang'anya mabondia saba, wamewafungia kabatini, halafu wanakuja kusema mimi ndiye mwizi?"

"Msimamizi wake alikuja hapa tarehe kumi na tisa."

"Alikuja. Alikunywa kahawa yangu yote, nikampa barua ya kumkaribisha mchezaji wake tuzungumze. Barua moja, ukurasa mmoja. Hakurudi."

"Barua hiyo ina muhuri?"

"Ina muhuri na saini yangu. Nakala iko kwenye faili."

"Itoe."

Wakati anaitafuta, Inspekta alimwekea mkataba wa mwezi wa pili mezani. Tai aliusoma akiwa amesimama, akipinda midomo. Alipofika nusu ya ukurasa, akaacha kusoma. Akacheka, kicheko cha puani, akafungua mlango na kuita kwenye ukumbi wa waandishi.

"Mwalimu! Njoo uone walichokuandikia!"

Aliyekuja ni mhariri mkuu, mwanamke wa miaka sitini mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Hakusalimia karatasi, aliifokea moja kwa moja.

"'Kifungu cha nne. Kituo kitakuwa na haki ya pekee ya kurusha mubashara mapambano yote ya bondia.' Nani kaandika hivi kwenye karatasi yenye nembo yangu?"

"Kosa liko wapi?" Inspekta aliuliza. "Mubashara si ndiyo kuonyesha tukio likiwa linatokea?"

"Ndiyo. Neno halina kosa lolote, liko kwenye kamusi, nalipenda. Lakini lina wenyewe. Njoo."

Alimvuta Inspekta kwa kiwiko mpaka ukutani kwenye ukumbi. Palikuwa na karatasi kubwa iliyopauka, imebandikwa kwa gundi kila pembe. Kichwa: MANENO YASIYOANDIKWA HAPA. La kwanza, kwa herufi kubwa kuliko mengine, MUBASHARA. Pembeni: *andika MOJA KWA MOJA*.

"Siku Upeo walipoliweka neno hili kwenye kona ya kioo chao, likiwaka kama taa ya gari la wagonjwa, hapa nikalizika. Miaka sita sasa. Kila karatasi inayotoka jengo hili inapita mezani kwangu. Mkataba, tangazo, hata ile ya 'choo cha ghorofa ya pili kimeharibika'. Ulizia."

Mwandishi mmoja alinyanyua kichwa kutoka kwenye kompyuta. "Mimi nilisema kwa mdomo tu, kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Nikaandika taarifa nzima upya kwa mkono."

"Mara mbili," Mwalimu alisema. "Na bado una haraka."

Inspekta alinakili maneno ya ile karatasi, akapiga picha, akarudi ofisini kwa Tai. Alikuwa na jambo, lakini halikuwa kesi. Wakili yeyote angesimama na kusema neno ni neno, mtu huliokota popote. Alihitaji kitu cha kushika.

Tai alikuwa ameipata nakala ya barua. Inspekta aliilaza kando ya mkataba, muhuri kando ya muhuri. Yote miwili imepinda kidogo upande wa kulia. Yote miwili imekatika wino kwenye herufi ya pili. Hilo peke yake halikutosha. Muhuri mmoja mbovu hupinda hivyo hivyo kila siku ukigongwa na mtu yule yule. Akatoa kioo cha kukuzia kwenye mkoba.

Kwenye barua, Tai alikuwa amesaini kwa mkia mrefu unaoshuka, na muhuri ukagongwa juu ya ule mkia. Mstari ulipita katikati ya duara na kutokea chini.

Kwenye mkataba, saini ya Tai haikuwepo popote. Sehemu ya kituo kusaini palikuwa na jina la kupigwa chapa tu. Lakini ndani ya duara la muhuri ulikuwepo mstari mwembamba, umeanza ukingoni na kuishia ukingoni, haujashikana na kitu chochote.

"Mkia wako huu," Inspekta alisema.

Tai aliinama mpaka vichwa vya simba vikagusa meza. "Wangu! Umefikaje huko bila mimi?"

"Hilo ndilo ninalokwenda kuuliza. Naichukua hii nakala. Nisainie hapa kwamba umenikabidhi."

*

Kwenye gari mjomba hakungoja aulizwe.

"Inspekta, mimi si mwizi."

"Wewe ni mwongo. Tuanzie hapo. Barua ya Mnara uliipeleka wapi?"

"Nyumbani."

Inspekta alizima injini. Madirisha yalikuwa yamefungwa na jua lilikuwa la saa saba. Alifungua daftari lake, akaanza kusoma taratibu ukurasa wa kwanza. Mjomba alivumilia kama dakika nne.

"Niliipeleka Upeo."

"Kwa nani?"

"Kwa Kalamu. Msimamizi wao wa mikataba. Nilitaka waone kwamba mtoto anatafutwa, wampe pambano la mkanda. Na walimpa! Bila mimi asingefika hapo!"

"Akaifanyaje?"

"Akaisoma. Akasema, 'Mzee, ngoja nikutolee kopi, usije ukaipoteza.' Akaingia chumba cha pili mwenyewe. Aliporudi, karatasi yangu ilikuwa bado ya moto." Mjomba alijifuta uso. "Kopi hakunipa. Nikadhani amesahau."

"Kwa nini hukumwambia dada yako?"

"Umeliona lile hanga?"

Inspekta aliwasha gari. Sasa hesabu ilikaa. Saini ya Pasi ilitoka kwenye mkataba wa Upeo, nembo na muhuri vilitoka kwenye barua ya Mnara. Waliowahi kuwa na karatasi zote mbili ni wawili, na mmoja wao alikuwa anatokwa jasho kwenye kiti cha pembeni na asingeweza kuandika kifungu cha kwanza, achilia mbali cha nne.

*

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa umeshapambwa kwa mabango ya Upeo. Neno lenyewe lilikuwa kila mahali: kwenye kofia za wapiga picha, kwenye zulia, kwenye kitambaa nyuma ya mizani. MUBASHARA. MUBASHARA. Bingwa mtetezi, mwanamke mwenye shingo pana aliyeitwa Tingatinga, alikaa kwenye benchi akiwa amefumba macho, ndizi moja mbivu na chupa ya maji vikimsubiri miguuni. Pasi alikaa benchi la pili na mama yake. Katibu wa kamisheni alisimama kando ya mizani akipanga fomu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Inspekta alimkuta Kalamu kwenye chumba cha waamuzi, akamwomba dakika kumi. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya kusomea taarifa ya habari.

"Mkataba wa Mnara uliupata vipi?"

"Uliachwa mapokezi ndani ya bahasha. Haikuwa na jina. Nadhani ni mtu mwenye uchungu na mchezo."

"Umewahi kuona karatasi nyingine yoyote ya Mnara inayomhusu Pasi? Barua, labda?"

"Sijawahi. Karatasi za Mnara zinatafuta nini kwangu?"

"Nisaidie jambo moja, kwa sababu mimi si mtu wa televisheni. Niandikie hapa, kwa maneno yako, mkataba ule unawapa Mnara haki gani. Usitazame popote. Kama unavyokumbuka."

Kalamu alitabasamu, akatoa kalamu yake. Aliandika mistari minne bila kusita, mwandiko wa kuringia, akasaini bila kuombwa. Inspekta aliisoma kwa sauti.

"'Mkataba unaipa Mnara haki ya pekee ya kurusha mubashara mapambano yote.' Haya ndiyo maneno yao?"

"Ndiyo hayo hayo."

"Hapana. Ndiyo maneno yenu."

Alimwekea picha ya karatasi ya ukutani. Kalamu aliitazama, akainua mabega. "Mzee wao wa lugha ana vituko. Hilo si kosa la jinai."

"Kweli kabisa. Kosa ni hili." Akaweka barua na mkataba, na kioo cha kukuzia juu yake. "Huu mkia ni wa saini ya Tai, alisaini barua ya tarehe kumi na tisa. Ulipochukua muhuri kwenye kopi, ukafuta kila kitu kilichouzunguka. Ndani ya duara hukufuta. Nieleze mkia wa barua ambayo hujawahi kuiona umeingiaje kwenye mkataba ulioletwa na bahasha."

Kalamu aliangalia kwenye kioo muda mrefu. "Labda msimamizi wake ndiye..."

Mlango ulisukumwa. Mjomba alikuwa amesikiliza nje, ingawa aliagizwa asifanye hivyo.

"Mimi? Wewe, si uliipeleka mwenyewe kwenye mashine ukanirudishia ikiwa ya moto? Ukaniita mzee! Nina miaka arobaini na mbili!"

"Hata simjui huyu," Kalamu alisema.

"Hujui nani? Ulinisifia viatu!"

Nyuma ya mjomba aliingia mkurugenzi mkuu wa Upeo. Mama mrefu, miwani ya jua kichwani, simu mbili mkononi. Aliwatazama wote, akaziona karatasi mezani, akaelewa haraka kuliko mtu wake.

"Inspekta. Tuongee kama watu wazima."

"Ndivyo ninavyoongea."

"Kama kijana wangu alikosea, nitamwadhibu mwenyewe. Malalamiko nayafuta sasa hivi. Pambano linaendelea kesho, nchi nzima inaona, kila mtu anakwenda nyumbani na furaha. Lakini ukimtoa hapa na pingu mbele ya watu, natoa kamera zangu. Na bila kamera zangu, nani atakuja? Binti atapigana na mwangwi."

"Na miaka mitano?"

"Miaka mitano tutaizungumza taratibu, baada ya pambano. Mimi si mtu mbaya."

"Mama," Inspekta alisema, "si mimi ninayeamua hilo. Sina maelezo ya mlalamikaji bado. Njoo tumuulize."

Walitoka wote ukumbini. Taa nyekundu juu ya kamera ya kati ilikuwa inawaka. Mkurugenzi alipunga mkono, ikazima. Inspekta alisimama mbele ya benchi la Pasi na kumweleza kila kitu kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia: saini ilitoka wapi, muhuri ulitoka wapi, nani aliunganisha, na sasa anaambiwa nini.

"Ukiandika, namkamata. Wao wanaondoka na kamera. Usipoandika, malalamiko yanafutwa, kesho unaonekana nchi nzima. Sikushauri. Si kazi yangu."

Mama Pasi alifungua mdomo. Pasi alimwekea mkono gotini, naye akaufunga.

"Mama mkurugenzi," Pasi alisema. Sauti ilikwaruza kwa kiu. "Hao saba wa kabatini, kesho mtawatoa?"

"Hayo ni mambo ya ofisi, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Mama yangu ni huyu hapa, anafua."

Aligeuka kwa katibu. "Katibu, ulingo ni wa Upeo?"

Katibu alikohoa. "Ulingo... ulingo ni wa kamisheni."

"Kengele?"

"Ya kamisheni."

"Mkanda?"

"Wa kamisheni pia. Asiyepanda kesho anaupoteza, awe bingwa, awe nani." Alionekana kushangaa kwamba alikuwa anaijua kanuni hiyo kwa moyo.

"Na mizani hii inatumia umeme wao?"

"Hapana, binti. Hii ni ya chuma. Ya vyuma vya kusogeza."

"Basi mimi sioni wanachoondoka nacho." Pasi alinyoosha mkono. "Inspekta, karatasi."

"Pasi, fikiri!" mjomba alisema. "Nani atakuona?"

"Tingatinga ataniona. Anatosha."

Kwenye benchi lake Tingatinga alifumbua jicho moja. "Andika basi upesi. Njaa inaniuma, na wewe unaandika kama unajenga nyumba."

"Subiri, dada. Nikimaliza hapa nakuja kukunyoosha."

"Kesho. Leo nakula."

Pasi aliandika akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya benchi, jasho likidondoka pembeni. Mistari mitano. *Mkataba wa mwezi wa pili sikuusaini. Saini iliyopo ni yangu lakini sikuiweka mimi. Sijawahi kujifunga kwa Mnara. Sitaki malalamiko haya yafutwe kimya kimya. Nataka yapelekwe mahakamani.* Akasaini, akaweka saa, akampa.

Inspekta aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia ndani ya jalada. Akamgeukia Kalamu.

"Unakamatwa kwa kughushi hati na kuiwasilisha ukijua ni ya uongo. Mikono."

Kalamu alimtazama mkurugenzi wake. Mkurugenzi alikuwa anatazama simu. Pingu zililia mara mbili.

"Fungasheni!" mkurugenzi aliwaambia watu wake. "Kila kitu!"

Nyaya zilianza kukunjwa. Taa kubwa zilizimwa moja baada ya nyingine na ukumbi ukabaki na mwanga wa madirisha. Mtu mmoja alikivuta kitambaa cha nyuma ya mizani. Kilianguka na nyuma yake ukatokea ukuta wenye rangi iliyobanduka. Mama Pasi aliwapisha wabeba kamera mlangoni kwa ustaarabu mkubwa, kama mwenye nyumba anayewaaga wageni waliokaa sana.

Pasi alivua koti la nailoni. Akavua sweta ya juu, na ya chini, viatu, soksi, saa ya mkononi. Akachomoa hata pini ya nywele na kumpa mjomba aishike. Akapanda juu ya mizani bila kuitwa.

Katibu alisogeza chuma kikubwa, kisha kidogo, akarudisha kidogo. Mkono wa mizani ulitetema, ukatulia katikati. Alivua miwani, akavaa tena.

"Hamsini na sita na nusu," alisema. "Uzito umekubalika. Hufungiwi, kesho unapanda."

Hakukuwa na kipaza sauti tena. Kutoka benchi za nyuma mtu akalalamika kwamba hakusikia. Katibu akajaza kifua pumzi, akapiga kelele mpaka madirisha yakatetema.

"Hamsini na sita na nusu! Umekubalika!"